Sura Mpya ya Kibweta

Kimuli, Kyerwa
Jumatano, 28 Mei 2025

Mdogo wangu Nolasco,

Hujambo huko Arusha. Sisi hapa tupo, mvua imekata na kahawa za upande wa bondeni zimeanza kuiva. Salamu ziishie hapo kwa sababu nina hasira. Nimekuandikia barua pepe maana ukipigiwa simu uko kikaoni, na ujumbe mfupi hautatosha.

Ni ile programu ya Kibweta uliyomwekea baba kwenye simu yake kubwa. Jana niliichaji hiyo simu nikaiwekea bando, nikitaka kuhakikisha kila kitu kiko mahali pake, maana kikao cha ukoo cha kumaliza msiba ni Jumamosi tarehe 14 Juni na siku hiyo ndiyo inasomwa irage ya baba, wosia wake. Leo asubuhi nakuta Kibweta si kile. Kile kisanduku cha mbao chenye kufuli kimeondolewa, kuna duara la bluu. Nikabonyeza. Kikatokea kikatuni cha mtu anayepunga mkono, na maandishi: "Habari Rweyemamu, tumekukosa sana." Nolasco, baba ana miezi miwili na siku kumi na tisa tangu afariki. Nilikaa juu ya gunia la maharage nikaitazama ile sura inayocheka mpaka kioo kikazimika chenyewe.

Unajua kwa nini baba alikataa karatasi. Irage ya babu ilikuwa ya karatasi, ikawekwa kwenye debe, na siku ya kusomwa ikakutwa nusu. Nusu ya pili hakuna anayesema ilikwenda wapi, ingawa wote tukifika hapo humtazama baba mdogo Cleophace. Ndiyo maana baba akaiweka ya kwake kwenye Kibweta, akanifundisha njia mimi, hatua kwa hatua. Fungua kisanduku. Shuka mpaka Maandishi ya Nyumbani. Bonyeza kitufe cha njano, chini kulia. Andika neno la siri. Alinirudisha mwanzo mara nne siku moja, na neno la siri ninalo kichwani mpaka leo. Irage yenyewe sijawahi kuisoma. Irage haifunguliwi kabla ukoo haujakaa, na mimi si mtu wa kuchungulia.

Sasa Maandishi ya Nyumbani hakuna, kuna kitu kinaitwa Duara Langu. Kitufe cha njano kipo palepale. Nimekibonyeza, nimeandika neno la siri, kikaniambia hongera, ombi langu la kusajili kifaa upya limepokelewa na namba sita zimetumwa kwenye laini ya mwenye akaunti. Halafu kikaniuliza nimeifurahia sura mpya kiasi gani, nitoe nyota. Nimetoa moja kwa sababu sifuri kilikataa.

Wewe ni mtu wa kompyuta, niambie nibonyeze wapi. Irage isiposomwa, baba mdogo atasema kibanja hiki, pamoja na nyumba na migomba niliyoipanda kwa mkono wangu tangu niliporudi kumuuguza baba, ni cha mtoto wa kiume, na mimi nifunge nguo zangu. Ameshalisema mara mbili, na mara ya pili alikuwa hajagusa pombe ya rubisi.

Dada yako,
Eugenia


Arusha
30 Mei 2025

Dada Eugenia,

Shikamoo. Pole sana kwa usumbufu. Programu hizi hubadilishwa mara kwa mara, mara nyingi kwa ajili ya usalama, na watengenezaji hawawezi kumridhisha kila mtu. Usikasirike.

Tatizo lenyewe ni dogo. Hizo namba sita zimetumwa kwenye ile laini ya kitochi cha baba, simu yake ndogo ya vitufe. Washa kitochi, bonyeza tena kitufe cha njano, subiri ujumbe uingie, uandike namba hizo kwenye simu kubwa. Ni dakika mbili. Ila usibahatishe namba, maana ukikosea mara tano kinajifunga kwa mwezi mzima.

Tarehe 14 sitaweza kufika, kazini tumebanwa. Msalimie baba mdogo.

Wako,
Nolasco


Kimuli
Jumatatu, 2 Juni 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Dakika mbili zako nimezisoma.

Wewe ulifika jeneza limeshafungwa, kwa hiyo hujui alivaa nini. Alivaa koti lake la kahawia, lile la kwaya. Mimi ndiye niliyemvalisha, na shangazi Anatolia akinisaidia mkono wa kushoto uliokuwa umekaza. Unakumbuka kitochi alikiweka wapi siku zote: mfuko wa ndani wa koti, amekifunga raba kwa sababu mfuniko ulikuwa hauna meno. Juzi nimepekua nyumba nzima. Nimekung'uta godoro, nimefungua kila kopo. Nilipomaliza kutafuta kwenye kila nguo yake na kubaki na moja ambayo siwezi kuitafuta, nikajua.

Namba zenu sita zimetumwa kaburini, Nolasco. Mara tatu sasa, maana nilijaribu tena mara mbili.

Leo nimepanda gari mpaka Kayanga, kwenye ofisi ya kampuni ya simu, kuomba laini mpya yenye namba ileile. Binti wa watu ana adabu, akaniambia mwenye laini aje mwenyewe aweke kidole. Nikamwambia mwenye laini amekufa. Akasema pole mama, basi leta cheti cha kifo tuifunge. Nikamwambia sitaki ifungwe, nataka ifanye kazi. Akaniangalia kama mtu aliyechanganyikiwa, na nilikuwa nimechanganyikiwa kweli, nimesimama pale na simu inayomsalimia marehemu.

Najua ungeniambia nivumilie. Kabla ya tarehe 27 Mei ningeweza kuifungua irage siku yoyote, saa yoyote, nikaisoma na kuinakili. Niliiacha kwa kuheshimu ukoo. Ningekuwa mwizi sasa hivi ningekuwa salama.

Nawaandikia hao wenye Kibweta wenyewe. Mtu aliyekigeuza kitufe ana jina, na nalitaka.

Eugenia


Kimuli, Kyerwa
3 Juni 2025

Kwa Msimamizi wa Huduma kwa Wateja,
Kibweta

Ndugu,

Mimi ni Eugenia Rweyemamu. Baba yangu, Mzee Eliud Rweyemamu, alikuwa mteja wenu mpaka alipofariki tarehe 9 Machi. Mnaendelea kumwambia mmemkosa. Sisi ndio tumemkosa.

Neno lake la siri ninalo, alinipa mwenyewe. Simu yake ninayo. Mmekifanya kitufe cha kufungulia kuwa cha kusajili, mkakiacha rangi ileile na mahali palepale, na mimi mtu mzima nikakibonyeza kama nilivyofundishwa. Tangu hapo mnatuma namba kwenye laini iliyozikwa pamoja na mwenyewe. Ndani ya Kibweta kuna wosia unaotakiwa kusomwa mbele ya ukoo tarehe 14 mwezi huu. Usiposomwa nitaondolewa kwenye nyumba ninayokaa.

Naomba mambo mawili. Kwanza, mnifungulie, au mrudishe sura ya zamani kwa siku moja tu. Pili, mnipe jina la aliyebuni mabadiliko haya nimwandikie mwenyewe, maana nadhani hajawahi kufiwa.

Eugenia Rweyemamu


Arusha
5 Juni 2025

Mpendwa Bi. Eugenia,

Asante kwa kuwa sehemu ya familia ya Kibweta, na pole kwa kuondokewa na mzazi.

Kuhusu ombi lako la kwanza, tunasikitika. Kibweta kimeundwa kwa namna ambayo mfanyakazi yeyote, hata mkurugenzi, hana uwezo wa kufungua maandishi ya mteja. Njia pekee ni namba sita zinazopokelewa kwenye laini ya mwenye akaunti. Sura ya zamani haiwezi kurudishwa kwa simu moja.

Kuhusu la pili, kwa kawaida hatutoi majina. Lakini barua yako nilimpelekea mkuu wa usanifu, aliyebuni toleo jipya, na nikamuuliza kama naweza kukupa jina lake. Aliisoma amesimama. Halafu akasema nikupe. Ni Ndugu Nolasco Rweyemamu. Naona mnatumia jina moja. Pengine mnafahamiana, na hilo litarahisisha mambo.

Nakutakia siku njema.

Sperancia
Huduma kwa Wateja


Kimuli
5 Juni 2025, jioni

Nolasco,

Watengenezaji hawawezi kumridhisha kila mtu. Uliniandikia hivyo wewe, kwa mkono wako.

Sina maneno mengi leo. Nina swali, na nataka ulijibu wewe, usimpe yule binti ajibu. Irage isiposomwa, anayefaidika ni nani? Mtoto wa kiume tunaye mmoja. Ni huyohuyo aliyekitengeneza Kibweta, na kikabadilika wiki mbili na nusu kabla ya kikao. Ungekuwa unasikia habari hii kwa jirani, wewe ungesema nini?

Nilikubeba mgongoni kukupeleka kliniki Nkwenda ukiwa na surua. Sikumbushi ili unilipe. Nakumbusha ili ujue unamwandikia nani.

Eugenia


Arusha
7 Juni 2025

Dada Eugenia,

Shikamoo. Najua hutaki kuiitikia, lakini natoa.

Ni kweli, ni mimi. Nimeongoza kazi ya sura mpya kwa miezi tisa. Tarehe ya kuitoa ilipangwa Oktoba mwaka jana, baba akiwa mzima na mimi sijui kikao kitakuwa lini. Naweza kukutumia waraka wenye tarehe hiyo. Sikukulenga wewe.

Niliibadilisha kwa sababu Kibweta cha zamani kilikuwa dhaifu. Mtu akiiba simu na kulijua neno la siri, amechukua kila kitu. Tulipata malalamiko ya wanawake ambao waume zao walikuwa wakisoma mambo yao. Ndiyo maana nikataka laini ya mwenyewe ithibitishe kwanza. Na kitufe cha njano nilikiacha palepale kwa makusudi, kwa sababu nilijua watu wamezoea kukibonyeza bila kusoma, na nilitaka wote wasajili upya haraka. Ilifanikiwa. Ofisini tulipiga makofi.

Kabla ya kuchora tulitengeneza watu kumi na wawili wa mfano. Mfanyabiashara wa Murongo anayevuka kwenda Uganda kila siku, mwanafunzi, mama wa saluni, mtu aliyeibiwa simu, mtu asiyeona vizuri. Nimewatazama tena watu hao ukutani tangu nisome barua yako. Hakuna hata mmoja aliyekufa.

Sikukuambia kuwa ni mimi kwa aibu. Ulikuwa umeshawakasirikia watu waliofanya hivyo kabla sijapata pa kuingilia. Na Sperancia amesema ukweli, siwezi kufungua. Nimekaa siku mbili na vijana wa mitambo. Nilitengeneza mlango mzuri mno.

Mwombe baba mdogo aahirishe kikao mpaka Agosti. Labda cheti cha kifo kikipatikana, kampuni ya simu italegeza.

Nolasco


Kimuli
Jumatatu, 9 Juni 2025

Nolasco,

Kwa hiyo ulijua vidole vya watu vinakwenda wapi, ukaweka mtego hapo. Nimekuelewa.

Nimekwenda kwa baba mdogo kuomba Agosti. Alikuwa anamenya ndizi, hakuacha. Akasema, "Waitu Eugenia, irage iliyo ndani ya simu isiyofunguka ni irage gani? Ukoo hausomi kioo." Leo asubuhi amekuja na watu wawili na kamba, wamepima kutoka mpaka wa juu hadi kwenye mibuni ya bondeni. Wamepita katikati ya migomba wakihesabu hatua kwa sauti, na mimi nimesimama mlangoni na ufagio. Wala hawakuniomba njia. Anasema anapima kwa niaba yako, kwa kuwa uko mbali na utahitaji mtu wa kukutunzia.

Sasa nisikilize. Kaburi la baba bado halijasakafiwa. Alhamisi tarehe 12 ni siku ya gulio, kuanzia saa nne hapa hatabaki mtu. Jembe ninalo na nguvu ninazo. Nimeshamwomba Mungu msamaha mara moja, na nitamwomba tena nikimaliza.

Jambo nisilolijua ni moja tu, na wewe ndiye mtaalamu. Laini ya simu ikikaa miezi mitatu ardhini, kwenye mfuko wa koti, inaharibika au haiharibiki? Usiniandikie habari za watu wa ukutani. Niandikie ndiyo au hapana.

Eugenia


Arusha
Jumanne, 10 Juni 2025, saa sita mchana

Dada,

Usichimbe.

Laini haiharibiki upesi, pengine ingefanya kazi, na ndiyo maana nakuambia usichimbe. Usimguse baba kwa ajili yangu.

Kilichoandikwa ndani ya Kibweta nakijua. Mimi ndiye niliyekiandika. Baba alisema, mimi nikaandika, Krismasi ya mwaka juzi, wewe ukiwa jikoni.

Leo napanda basi. Nipe mpaka Ijumaa.

Nolasco


Kayanga, Karagwe
Ijumaa, 13 Juni 2025

Dada yangu Eugenia,

Hii nimeiandika kwa kalamu, utanisamehe mwandiko. Nampa Placidius mwenye gari la Noah la Kimuli akuletee mkononi. Nimefika hapa jana asubuhi na nimelala nyumba ya wageni nyuma ya stendi. Nilikusudia nije mpaka nyumbani. Leo nimesimama stendi mara tatu, mara ya tatu nikalipa nauli na kushuka kabla gari halijaondoka. Naona haya kusema hivyo lakini ndivyo ilivyo.

Sikiliza jinsi ilivyokuwa. Baba hakuwa akiona herufi ndogo, akaniita chumbani, akafunga mlango, akasema andika kama ninavyosema, usirekebishe. Alisema kwa Kinyambo, mimi nikaandika kwa Kiswahili, nikamsomea, akakubali. Akaniapisha nisikuambie wewe wala mtu yeyote kabla ya siku yenyewe. Halafu akakuita wewe kukufundisha njia ya kufungua, siku ile aliyokurudisha mwanzo mara nne. Mimi nilikuwa ukumbini nasikia.

Nilipopata barua yako ya kwanza, ningeweza kukujibu kwa sentensi moja. Ningekuambia najua irage inasema nini, nakuja kusema mbele ya ukoo. Sikufanya hivyo. Nilijiambia ni kwa sababu ya kiapo. Uongo. Nilikuwa nakitaka kibanja. Sikutaka kukudhulumu kwa kusema neno baya, nilitaka tu ninyamaze, na Kibweta kinyamaze, halafu wazee waseme wenyewe. Nilipokuambia namba zinakwenda kwenye kitochi nilidhani utazipata na mambo yataisha bila mimi kuchagua. Uliponiambia kitochi kiko kaburini, dada, jambo la kwanza nililolihisi lilikuwa nafuu. Nakuambia hilo kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

Umeniuliza ningesema nini kama ningesikia kwa jirani. Ningesema jamaa ni mwizi asiyetaka kuchafua mikono.

Na kuna mstari mmoja ambao uliniuma tangu siku niliyouandika. Utauona. Nilimwomba baba auondoe, akaniambia, "Umekaa miaka kumi na moja huko bila kuja kupalilia. Andika." Nikaandika. Ndio unaonifanya nishuke kwenye gari.

Karatasi ya pili iliyokunjwa ni ya ukoo. Nimeitia saini na kuweka dole gumba kwa wino mbele ya mwinjilisti wa hapa Kayanga, naye ametia saini yake. Isomwe kama ilivyo. Baba mdogo asiishike peke yake, mpe shangazi Anatolia asome.

Nolasco


(Karatasi ya pili)

Kwa ukoo uliokaa Kimuli, tarehe 14 Juni 2025.

Mimi Nolasco, mtoto wa pekee wa kiume wa marehemu Eliud Rweyemamu, nasema yafuatayo nikiwa na akili zangu na bila kulazimishwa. Irage ya baba niliiandika mimi kwa mkono wangu, kwa maneno yake. Haifunguki kwa sababu ya kazi niliyoifanya mimi, na lawama ni yangu. Inasema hivi:

"Kibanja cha Kimuli, nyumba, migomba na kahawa ni vya Eugenia, aliyenitunza. Asiondolewe na mtu yeyote. Nolasco asidai. Nolasco anayo kazi yake. Siku akifa arudishwe nyumbani, na azikwe mahali ambapo Eugenia atamwonyesha."

Hakuna neno nililoongeza wala nililopunguza. Mimi sidai, na hakuna anayeweza kudai kwa niaba yangu.

Nolasco Rweyemamu


Kimuli
Jumamosi, 14 Juni 2025

Nolasco,

Placidius anasubiri nje na injini inawaka, kwa hiyo naandika haraka.

Walikuja wote. Shangazi Anatolia alisoma amesimama, kwa sauti ya kanisani, hakuna aliyekohoa. Alipomaliza baba mdogo akasema karatasi yoyote inaweza kuandikwa, na kwamba pengine nimekuloga au nimekulipa. Shangazi akakunja karatasi akaitia kifuani mwake, akamuuliza, "Cleophace, katika umri wako wote umewahi kumwona mtu anadanganya ili akose shamba?" Wazee wakacheka kidogo, ile ya puani. Halafu mmoja akasema yeye anaikubali, na mwingine, na ikaenda hivyo mpaka kwenye mlango. Baba mdogo alikuwa wa mwisho. Hakusema ndiyo, alisema tuleteeni chakula. Kamba yake aliichukua.

Kibanja ni changu, Nolasco. Nimekuwa nikitembea humo tangu saa tisa kama mgeni, nashika mgomba huu, nashika ule. Nimelia pia, usidhani nimefurahi tu.

Ule mstari wako niliusikia kama walivyousikia wengine. Baba mdogo alisema mbele ya watu, kwa kicheko, "Mtoto wa kiume aonyeshwe kaburi na mwanamke." Nilimjibu kwamba si kazi yake kuchagua. Lakini nilimwona shangazi ananitazama, na nikajua anachoniuliza, kama siku ikifika nitakuonyesha mahali au nitakunyima. Ulisikia nafuu kwa sababu kitochi kilikuwa na baba ardhini. Nilikuwa nimeshanoa jembe. Hayo mawili hayatoki kichwani mwangu, na sijui yatatoka lini. Sijakusamehe, usije ukidhani nimekusamehe.

Kwa sasa wamekwenda wote. Nimeingia nyuma ya nyumba, nikatazama kaburi la baba na la mama, na nafasi iliyobaki. Ipo ya watu wawili, tukibanana.

Panda gari hili la Placidius, nauli nimeshampa mimi ili usipate sababu ya kushuka. Chakula kipo. Kesho kabla ya ibada nitakuonyesha mahali pako, na nitakupa jembe upapalilie.

Eugenia